Mwalimu wa Kanisa na Vijana wa Rungwe

Katika nchi ya Rungwe neno "mwalimu" lina maana mbili, na mgeni afikaye Tukuyu kwa mara ya kwanza huchanganyikiwa. Akiuliza nyumba ya mwalimu, mtoto humwuliza kwanza, "Wa shule au wa kanisa?" Yule wa shule ana cheti, mshahara na daftari la mahudhurio. Yule wa kanisa aghalabu ana Biblia, kitabu cha nyimbo, na shamba la migomba ambalo ndilo mshahara wake. Sisi tufundishao katika chuo cha ualimu twaulizwa jambo hili na wanafunzi wetu wageni kila mwaka, nao hudhani kuwa ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Sivyo. Zamani watu hawa wawili walikuwa mtu mmoja. Jioni ya leo twataka kueleza jinsi mtu huyo alivyokuwa, jinsi alivyogawanyika, na jinsi vijana wa kanisa walivyoachwa katikati ya nusu zake mbili.

Hapana budi tuanze kabla shule yo yote haijajengwa, kwani mwalimu hakuwakuta vijana wa Rungwe kama udongo usiopata kuguswa na mfinyanzi. Wanyakyusa walikuwa na desturi iliyo nadra sana duniani. Mtoto mwanamume, tangu umri wa miaka 6 hivi, alichunga ng'ombe wa baba yake pamoja na wenzake. Alipofika miaka 10 au 11 aliacha kulala kwa wazazi wake. Yeye na rika lake walijenga vibanda pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakawa na kijiji chao wenyewe. Kupika hawakupika, walikwenda kula kwa mama zao. Walakini hawakwenda mmoja mmoja, bali kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Hata walipooa, waliwaleta wake zao katika kijiji kile kile, wakazeeka pamoja. Na mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe kubwa iitwayo ubusoka, ambayo kwayo baba waliwakabidhi wana wao nchi.

Sababu ya desturi hiyo ilikuwa heshima. Mwana aliyekwisha kupevuka hakupaswa kuwa karibu na chumba cha wazazi wake, na mke wa mwana hakuruhusiwa kukutana uso kwa uso na baba mkwe. Nyumba zikitengwa, heshima hukaa. Lakini palikuwa na jambo jingine ndani yake, ambalo Wanyakyusa waliliita ukwangala, maana yake kukaa pamoja na wenzako kwa raha, kula nao, kuzungumza nao na kujifunza adabu kwao. Mtu aliyependa kula peke yake alidhaniwa vibaya. Bwana Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya uchunguzi katika nchi hii kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika mengi juu ya habari hizi, na kitabu cha Bibi Monica juu ya vijiji vya marika kilichapishwa London mwaka 1951. Akitakaye kujua zaidi na akitafute.

Sasa fikirini maana yake kwa mwalimu. Katika nchi nyingine mtu atakaye kuwafundisha vijana humwendea baba, na baba akikubali, mambo yamekwisha. Rungwe haikuwa hivyo. Baba hakulala na mwanawe wala hakula naye. Aliyemlea kijana kuanzia miaka 10 ni kijana mwenzake. Basi mwalimu aliyetaka kufundisha dini ilimpasa aingie katika kijiji ambacho hakina mtu mzima, akubaliwe pale, akae kwenye moto wao. Asiyeweza kufanya hivyo alibaki na wazee na akina mama kanisani Jumapili, huku vijana wakipita nje na ng'ombe wao.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kidachi, yaani Wajerumani, wa vyama viwili waliingia katika nchi hii kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Wale wa chama cha Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walishika upande wa mashariki, na kazi yao ndiyo iliyozaa Kanisa la Kilutheri la Dayosisi ya Konde. Wamoravian walikuwa wanne: Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Martin alikufa kwa homa mwaka ule ule. Wenzake wakajenga chini ya mlima Rungwe, na baadaye kazi ikaenea mpaka Rutenganio, jina ambalo kwa Kinyakyusa lina maana ya amani, na Ipyana kule bondeni karibu na ziwa. Miaka sita ikapita kabla ya ubatizo. Mwaka 1897 akabatizwa Fiabarema, naye alikuwa mwanamke. Jambo hili tulishike, kwani tutalirudia.

Wamoravian hao walitoka katika kanisa lenye habari ya pekee juu ya malezi, nasi walimu twapenda kuikumbuka. Askofu wao wa zamani, Jan Amos Komenský, ambaye wasomi humwita Comenius, alizaliwa mwaka 1592 akafa uhamishoni mwaka 1670. Alikuwa mwalimu kwa kazi na kwa moyo. Mwaka 1658 kilitolewa kitabu chake cha picha, ili watoto wajifunze maneno kwa kutazama sura za vitu vyenyewe badala ya kukariri gizani. Kila mwalimu achoraye ndizi ubaoni kabla ya kuandika neno "ndizi" ni mwanafunzi wake, hata kama hajapata kulisikia jina lake.

Baadaye wakimbizi wa kanisa hilo walipewa mahali katika shamba la Bwana Zinzendorf huko Ujerumani, wakajenga kijiji cha Herrnhut mwaka 1722. Pale waliwagawa watu wa kanisa kwa umri na hali zao: watoto, wavulana, wasichana, vijana wanaume wasiooa, vijana wanawake wasioolewa, wenye ndoa, wajane. Kila kundi lilikuwa na ibada zake na sikukuu yake, na vijana wasiooa walikuwa na nyumba yao kubwa, wakifanya kazi humo, wakila humo, wakiomba humo. Makundi hayo waliyaita kwaya, ingawa hayakuwa ya kuimba tu. Desturi hiyo ilikuwa imelegea sana kabla ya wamisionari kufika Rungwe, na hatudai kwamba mtu alikaa akapanga kuileta huku. Twasema tu kwamba kanisa lililozoea kumwita kijana pamoja na rika lake lilikuja kwa watu walioishi kwa marika, na mwalimu mwenye macho aliweza kuona kwamba mlango ulikuwa wazi.

Kazi yake ilikuwaje? Walimu wa kwanza walikuwa wenyewe vijana, waliojifunza kusoma misioni na kutumwa vijijini kabla ndevu hazijaota vema. Shule ilikuwa kibanda cha miti na majani ya migomba, na siku nyingine ilikuwa kivuli cha mti. Kengele mahali pengi ilikuwa kipande cha chuma kilichotundikwa, nacho hata leo hutumika katika makanisa mengine, na sauti yake husikika mbali kuliko kengele ya kununuliwa. Mwalimu aliandika herufi ubaoni, watoto wakazifuata kwenye vibao vyao vya mkono. Kisha silabi, kisha neno, kisha Injili kwa Kinyakyusa. Hesabu kidogo. Kuimba sana. Katekisimo kwa maswali na majibu. Baada ya hayo alikwenda kuwatazama wagonjwa, kuzika wafu, kupatanisha mume na mke, na kulima shamba lake.

Saa za shule zilikuwa fumbo la kwanza. Mvulana ana ng'ombe wa kuchunga, na ng'ombe hawangoji katekisimo. Mwalimu aliyepiga kengele saa za machunga aliwafundisha wasichana wawili na kuta nne. Aliyekuwa na busara aliwauliza wavulana wenyewe wamekubaliana nini kuhusu zamu za kuchunga, akapanga masomo kufuata zamu hizo. Jambo hili laonekana dogo. Lakini mwalimu aliyeuliza alikuwa amekwisha kubali kwamba kijiji cha vijana kina amri yake, nao wakaona kwamba amekubali.

Juu ya katekisimo tuna neno. Kuna walimu wa leo wanaoidharau, wakisema ilifanya watoto kuwa kasuku. Ni kweli, palikuwa na kasuku, na hata sasa wapo, wala si katika dini peke yake. Kwenye jiografia ni wengi zaidi. Ila swali na jibu lililokaririwa lilikuwa na faida moja katika nchi isiyo na vitabu: kijana aliweza kulichukua kichwani mpaka machungani, akalibishania huko na wenzake. Ubishi ule ndio uliokuwa somo lenyewe. Mwalimu mbaya aliishia kwenye jibu. Mwalimu mwema alirudi Jumamosi kuuliza, "Huko mbugani mlisemaje?"

Chukueni mfano wa neno moja, Kyala. Wamisionari walilitwaa kuwa jina la Mungu katika Kinyakyusa. Lakini Wanyakyusa walikwisha kulijua jina hilo. Lilikuwa jina la shujaa wa kale aliyetambikiwa kwenye pango kando ya ziwa, upande wa Ikombe. Basi mwalimu alisimama mbele ya vijana akisema habari za Kyala aliyeumba mbingu na nchi, na mbele yake wameketi watu ambao babu zao walipeleka sadaka pangoni kwa Kyala mwingine. Hapana katekisimo iliyochapwa Ulaya iliyoweza kumwonyesha njia hapo. Ilimpasa afikiri mwenyewe, kwa lugha ya mama yake, mbele ya watu wa rika lake walioijua lugha hiyo sawasawa naye. Twaamini kwamba elimu ya dini katika Rungwe ilianza kuwa ya Rungwe siku swali hilo lilipojibiwa na mwalimu wa kijijini.

Ndipo vikaja Vita Vikuu. Mwezi wa Mei mwaka 1916 majeshi ya Kiingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wakautwaa mji ambao Wadachi waliuita Neu-Langenburg, nao ndio Tukuyu. Wamisionari walikamatwa na kuondolewa nchini. Fedha kutoka Ulaya zikakatika. Ruhusa ya kurudi haikupatikana hata mwaka 1925. Wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia, kutoka Nyasaland, walipewa ulezi wa kazi, lakini walikuwa wachache na nchi ni ya milima na mito.

Yafaa tueleze shida iliyowapata walimu, kwa sababu wengi hudhani ilikuwa ya njaa tu. Mwalimu aliweza kufundisha, kuomba, kuonya na kuzika. Hakuwa na amri ya kubatiza wala ya kugawa Chakula cha Bwana. Kijana aliyemaliza mafundisho yake alikuja akasema, "Mwalimu, nimemaliza, nibatize," naye mwalimu hakuwa na jibu ila, "Ngoja." Angoje mpaka lini? Mpaka Mskoti apite. Katika hali hiyo ilikuwa rahisi sana kwa darasa kutawanyika, au kwa mwalimu kujitwalia amri asiyopewa. Walichofanya wengi ni kuendelea kufundisha. Kengele ikapigwa asubuhi, wimbo ukaimbwa, waliomaliza wakawekwa kuwafundisha walioanza. Wamisionari waliporudi kuanzia mwaka 1925 na baadaye, hawakukuta magofu. Walikuta makanisa yenye watu na walimu waliozoea kukata shauri wenyewe, na yasemekana jambo hili la pili liliwapa wengine wao kazi kulizoea.

Sasa twafika mahali mwalimu alipogawanyika. Mwaka 1924 ulikuja ujumbe kutoka Marekani, wa mfuko wa Phelps-Stokes, kuchunguza elimu katika Afrika ya Mashariki. Ndani yake alikuwamo Dr. Aggrey wa Gold Coast, ambaye wazee waliomsikia hawakumsahau. Mwezi wa Oktoba 1925 Serikali ya Kiingereza iliwaita wenye misioni kwenye mkutano Dar es Salaam. Mwaka 1927 ikatungwa sheria ya elimu, ikaanza kutumika mwaka 1928. Shauri lilikuwa hili: misioni itakayo msaada wa fedha ifuate mtaala uliokubaliwa, iwe na walimu wenye vyeti, na imkubali mkaguzi. Shule ndogo za vijijini, zile ambazo Waingereza waliziita shule za vichakani, ambamo mwalimu asiye na cheti alifundisha kusoma na dini, hazikupata kitu.

Hatuwezi kulilaumu shauri hilo lote. Sisi wenyewe ni watu wa vyeti, na chuo chetu kisingekuwapo bila fikira iliyoanza wakati ule. Watoto walifundishwa hesabu kwa utaratibu, afya ikafundishwa, walimu wakafanyiwa mitihani badala ya kusifiwa tu. Lakini angalieni kilichotokea katika kijiji kimoja chenye walimu wawili. Yule kijana mwenye cheti alipata mshahara wa kila mwezi, akavaa viatu, akafundisha masomo ambayo mkaguzi aliyauliza. Mzee aliyelea darasa tangu kabla ya vita, aliyezika wafu na kuwalinda vijana miaka ile tisa, aliachiwa kipindi cha dini na shule ya Jumapili, kwa shilingi chache au bila shilingi. Hakuna aliyesema kwa mdomo kwamba dini ni somo la mtu asiyesoma. Vijana hawakuhitaji kuambiwa. Kijana hutazama viatu.

Miaka ile ya 1930 ilileta na mambo mengine. Dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, iliwavuta vijana kwa maelfu, nao walirudi na nguo, baiskeli na maneno mapya. Makanisa mengine yakaingia kutoka Nyasaland, likiwamo African National Church, ambalo halikumfukuza mtu kwa sababu ya kuwa na wake wawili. Na baadhi ya waliojiunga nalo walikuwa watu waliosomeshwa na misioni. Kiswahili kikapata nguvu shuleni, hali kanisani Kinyakyusa kilishikwa sana, hata kijana akawa na lugha moja ya kupandia cheo na nyingine ya kuombea. Vita vya pili vilipotokea mwaka 1939, wamisionari wa Kidachi walikamatwa tena. Safari hii kanisa halikushtuka kama mara ya kwanza.

Na vijiji vya vijana? Vilififia. Mibuni na migomba hukaa shambani miaka mingi, na mtu aliyepanda mibuni hapendi kuhama ili rika la wanawe lipate nafasi. Ardhi ikawa haba. Kufikia miaka ya 1950 kijana aliyeoa alijenga aliposhika kipande cha ardhi, mara nyingi karibu na baba yake, na ubusoka ukawa habari ya wazee. Hapo ndipo twaona umuhimu wa jambo ambalo watu hulipuuza. Kijana wa Rungwe alikuwa amepoteza mahali pake pa kukaa na rika lake, pa kula nao na kufundishana adabu. Shule haikumpa mahali hapo, kwani shule humaliza kazi yake saa za mchana, na mtoto akishindwa mtihani humwambia aende zake. Kundi la vijana la kanisa halikumwambia aende zake. Lilibaki, jioni na Jumamosi, likiongozwa na yule mwalimu asiye na cheti.

Tulisema tutarudi kwa Fiabarema. Mtu wa kwanza kubatizwa pale Rungwe alikuwa mwanamke, lakini shule zilijaa wavulana. Kijiji cha rika kilikuwa cha wavulana. Msichana hakuwa nacho. Yeye alichumbiwa angali mdogo sana, ng'ombe wakatolewa, na alipovunja ungo akaenda kwa mume ambaye huenda alimzidi miaka kumi au zaidi. Mwalimu aliyetaka wasichana darasani hakushindana na uvivu; alishindana na ng'ombe waliokwisha kuingia zizini. Waliomsaidia hasa walikuwa wake wa walimu, waliowakusanya wasichana kwa kushona, kwa kufundishana kulea watoto, na kwa kuimba, wakawasomesha Injili mle mle. Hawa hawakuandikwa katika daftari la mtu ye yote. Ukisikia leo mama mzee wa Rungwe anayeimba sauti ya pili bila kukosa, ameshikilia kitabu cha nyimbo asichokihitaji kukitazama, uliza ni nani aliyemfundisha.

Baada ya Uhuru mwaka 1961 shule za misioni ziliendelea miaka michache. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia shule za mashirika mikononi mwa Serikali, isipokuwa seminari. Vipindi vya dini vikabaki katika ratiba, na kila dhehebu likatakiwa lilete mtu wake wa kuvifundisha. Ndivyo ilivyo hata sasa. Ubaoni imeandikwa "Dini", kengele inalia, watoto wanagawanyika vyumba kwa vyumba kwa madhehebu, kisha wanangoja. Mchungaji ana mitaa mingi na pikipiki moja. Mwinjilisti yuko shambani, kwani asipolima hali. Mara nyingi kipindi hupita, na watoto hucheza. Katika shule za sekondari wanafunzi wenyewe hujiendesha kwa vyama vyao, kama UKWATA, nao hufanya vizuri kuliko tulivyotazamia. Lakini mtoto wa darasa la tatu hawezi kujiendesha.

Hapa latokea jambo linalotufurahisha, nalo ndilo lililotufanya tuombe kuzungumza nanyi. Katika wanafunzi wetu wa ualimu, kila mwaka, wapo wachache ambao siku za juma hujifunza kufundisha hesabu na sayansi, na Jumapili hushuka bondeni kufundisha watoto wa kanisa. Hakuna anayewatuma, wala hawaongezewi alama. Wanapotoka na vyeti vyao na kupangiwa shule, wengine huendelea hivyo hivyo huko waendako. Wale walimu wawili waliotenganishwa tangu mwaka 1928 wameanza tena kukaa katika mwili mmoja, na safari hii mwenye cheti ndiye anayefundisha shule ya Jumapili. Tulipomwuliza mmoja wao kwa nini anajichosha hivyo, alisema kwamba aliona mfano wake kwa mwalimu wa kijijini kwao.

Sisi pia tulilelewa na mwalimu wa namna hiyo, nasi twamaliza kwa habari zake. Alikuwa amestaafu kazi ya shule kabla hatujajua kusoma, lakini darasa lake la Jumamosi halikustaafu. Nchi yetu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ikipiga bati la kanisa sauti ya mtu haisikiki hatua tatu. Walimu wengine wangetuambia twende nyumbani. Yeye alinyamaza, akatuandikia swali moja ubaoni, akaketi. Mvua ilipopungua alitaka majibu, na mara nyingi yalikuwa bora kuliko siku za jua, kwa sababu tulikuwa tumepewa nafasi ya kufikiri. Akiuliza swali alingoja. Tulipoanza kazi ya kuwafundisha walimu tulijaribu kupima kwa saa muda wa kungoja kwake, tukaona kwamba wengi wetu hatuwezi kungoja hata nusu yake.

Hakuwa mpole sana. Aliyechelewa alisimama mlangoni mpaka wimbo uishe. Wala hakuwa na hadithi nyingi za kuchekesha. Lakini baada ya darasa hakuturuhusu kutawanyika. Tulikwenda kundi zima kwenye nyumba ya mmoja wetu, kila juma nyumba nyingine, tukala kilichopatikana: ndizi za kuchemsha, maharagwe, mara moja moja maziwa ya mgando. Mama mwenye zamu alijua tangu Jumatatu. Siku zile tulidhani ni ukarimu wa kanisa tu. Tuliposoma baadaye habari za vijiji vya marika ndipo tulipotambua alichokuwa akifanya. Tulipokwenda kumwuliza, alicheka, akasema kwamba baba yake alikula hivyo, naye hakuona sababu ya kuacha.

Kazi zote za darasa alizigawa kwa zamu. Mmoja alitunza ufunguo, mmoja alifuta ubao, mmoja alipiga kengele na kuita majina. Zamu haikujali mvulana wala msichana, na wazazi wengine walinung'unika, kwani kupiga kengele ya kanisa waliiona kazi ya mwanamume. Aliwasikiliza, akawaitikia "ndaga", wala hakubadili kitu.

Mwaka mmoja aliugua, akapelekwa hospitali, akakaa huko majuma mengi. Jumamosi ya kwanza ya ugonjwa wake tulikuwa likizoni, tukasema tushuke tukawaambie watoto kwamba hapatakuwa na darasa. Njia ilikuwa ya utelezi, tukachelewa. Tulipokuwa bado ng'ambo ya mto tulisikia chuma kikipigwa. Zamu ilikuwa ya msichana wa darasa la sita. Tulipofika mlangoni alikuwa amefungua daftari juu ya meza ya mwalimu na amefika jina la kumi na mbili, naye alituonyesha kwa kidole mahali pa kusimama mpaka amalize.